Baba Alienda Kurudisha Mbuzi

Asubuhi ile baba yangu alitoka nyumbani akivuta mbuzi kwa kamba, amevaa koti lake la Jumapili, kwenda kwenye gare ya Kolwezi kuvunja uchumba wa dada yangu. Gare ndivyo tunavyoita stesheni ya treni. Mimi nilikuwa nyuma yao. Mama alinituma, eti mbuzi akigoma njiani nimsukume, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kutazama na kusikiliza, nije nimsimulie yote bila kuacha hata neno. Nilikuwa na miaka kumi na minne, masikio makali na hasira za kugawa. Baba nilimpenda sana, na asubuhi ile nilimwomba Mungu mbuzi ampige pembe.

Huyo alikuwa mbuzi wa pili. Wa kwanza aliletwa kabla mambo hayajaharibika, siku wazazi wa kijana walipokuja kumposa dada. Dada alikuwa mshonaji, na mchumba wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole, mwenye suruali fupi kidogo kuliko miguu yake. Watu wake walikuwa wa Kasai, mkoa wa jirani. Babu yake aliletwa na Wabelgiji zamani kuchimba shaba, na baba yake alizaliwa kambini kwa kampuni ya shaba, akawa fundi wa umeme. Baba yangu, Muluba wa kaskazini mwa Katanga, alikuwa karani wa magazini, yaani ghala, pale pale kazini. Wale wawili walikuwa marafiki kiasi cha kuchosha. Walibishana kila siku juu ya mpira, kwaya na maharagwe ya nani yanaiva upesi, na siku moja asipomwona mwenzake, baba alirudi nyumbani amenuna.

Basi walileta vitambaa, walileta vitu vingine vya mahari, na walileta mbuzi wa mama. Kwao na kwetu mbuzi huyo ni wa mama wa msichana. Akishamla pamoja na rafiki zake, amesema ndiyo, na mdomo wa kusema hapana umefungwa. Mama alimla kwa furaha kubwa. Baba, ambaye kwa desturi hakuwa na haki hata ya kwato, aliinyemelea sufuria wakati wanawake wanaimba, akala mbavu mbili na kujifuta midomo kwa pazia. Tulimcheka mwezi mzima.

Na desturi ina upande wa pili. Uchumba ukivunjwa, baba wa msichana lazima arudishe mbuzi mzima, mwenye pumzi. Anaweka kamba mkononi mwa baba wa kijana na kutamka maneno ya kurudisha. Asipofanya hivyo uchumba upo, hata watu wakinuniana mpaka wazeeke.

Kwa nini baba alitaka kuvunja uchumba wa mtoto aliyempenda na kijana aliyempenda? Hapo lazima nieleze siasa, na siasa kwetu zilielezwa mezani. Baba alikuwa na redio, na kila jioni baada ya taarifa ya habari alitufundisha dunia kwa vyombo vya chakula. Chupa ya mafuta ya mawese ilikuwa Wamarekani. Kibakuli cha pilipili kilikuwa Warusi. Sisi tulikuwa bukari, ugali wetu, katikati, na ukingo wa meza ulikuwa Dilolo, na ng'ambo ya hapo Angola, ambako vita havikuisha. Rais wetu anakaa kitini, alisema baba, kwa sababu Mafuta wanaiogopa Pilipili. Mama alisema sawa, lakini bukari inapoa.

Kisha jioni moja redio ikasema nchi ya Warusi imevunjika vipande. Baba aliitazama pilipili muda mrefu, akainuka, akaiweka kabatini. Tukala bila pilipili. Alikuwa na huzuni kana kwamba amefiwa na adui wa heshima.

Baada ya hapo kila kitu kilifuatana. Mafuta nao hawakuwa na sababu ya kukaa. Askari wasiolipwa walipora maduka, mafundi wa kizungu wakapanda ndege, mashine zikasimama moja moja. Posho ya unga kutoka kampuni ikapungua, ikachelewa, ikakatika. Kule mji mkuu wakubwa wa nchi walikusanyika katika mkutano usioisha, wakisali na kutukanana katika ukumbi mmoja, na ugomvi wao juu ya nani atawale ukashuka mpaka kwetu ukiwa ugomvi wa Katanga na Kasai. Wakubwa wa mkoa wakasimama kwenye magari wakasema njaa hii ina mwenyewe. Wakawaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Watu tuliozaliwa nao hospitali moja wakapigwa mawe, nyumba zikachomwa, na wao wakakimbilia gare na kulala pale wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Familia ya mchumba wa dada ilikuwa miongoni mwao.

Hapo ndipo alipoingia mhubiri. Sijui alitoka wapi. Alikuja na kipaza sauti na suruali yenye mkunjo wa kukata kidole, akafungua kikundi cha maombi katika bohari tupu, na mbele ya mlango wa bohari Jumapili palisimama gari la mkubwa mmoja wa chama kilichotawala mkoa. Alifundisha kwamba Mungu ameichagua Katanga. Mataifa makubwa yametuacha, alisema, kwa sababu nchi imechanganyika damu, na siku itakapokuwa safi watakuja marafiki wapya wenye nguvu. Marafiki hao walibadilika kila Jumapili. Mara walikuwa Waisraeli, mara Waafrika Kusini, mara Wamarekani wale wale wamepata majuto. Leo malori ya Wachina yananitimulia vumbi dirishani, na kule mtaa wa Kasulo watu wamechimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, na sikumbuki unabii hata mmoja uliotaja jambo hilo. Mtu yule nilimchukia tangu siku ya kwanza. Namchukia bado, na sioni sababu ya kuficha.

Lakini namwelewa baba. Meza yake ilikuwa imebaki tupu, na yule mtu alikuwa na kitu cha kuweka juu yake kila wiki. Baba aliogopa, na hofu yake ilipata wimbo na kiti cha mbele. Wakamfanya mzee wa kikundi, wakamvika utepe mwekundu begani. Mhubiri alipotangaza kutoka Maandiko kwamba baba yeyote aliyemwahidi binti yake kwa mtu wa Kasai amevunja agano na Mungu, baba alirudi nyumbani akasema uchumba lazima uvunjwe.

Mhubiri alimwambia asali tu na kusahau habari ya mbuzi. Baba akakataa, na hapo alinifurahisha kidogo katikati ya hasira yangu.

"Mbuzi tulikula," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, ambacho vitu ni bintu na watu ni bantu. "Siwezi kuiba bintu ya bantu na kusingizia Mungu. Nitabarudishia."

Dada alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Kwa wiki nyingi alikuwa anapeleka chakula gare kwa njia za nyuma, na sote tulijua, baba pia. Treni ilikuwa inakuja siku yoyote, hakuna aliyejua lini, na ikija mchumba wake ataondoka.

"Papa," alisema, "mi siwezi kupanda treni sawa mwizi. Nitatoka mu nyumba yako na baraka yako, ao sitatoka. Lakini ukirudisha ile mbuzi, ujue utabaki na mi hapa mpaka nizeeke, na sitaolewa na muntu mwingine."

Baba alijua hatanii. Sisi watoto wake tumerithi ugumu wa kichwa kutoka kwake, na wakati ule alikuwa anakula matunda yake.

Kupata mbuzi katika Kolwezi yenye njaa halikuwa jambo dogo. Baba alimpata kwa mfanyabiashara mmoja wa Fungurume, na alichotoa ni redio. Ndiyo, redio yenyewe. Aliibeba kwapani, akarudi na mbuzi jike mweusi mwenye ndevu na macho ya dharau. Nyumba ikawa kimya. Kwa mara ya kwanza hatukujua dunia imeamkaje, na nadhani baba alijisikia vizuri zaidi, ila hakukiri.

Asubuhi ya safari mama, ambaye siku zote hizo hakusema lolote, alianza kutoa mashauri.

"Kama unarudisha bintu ya benzako, urudishe na heshima," alimwambia baba. "Vaa koti. Iyo mbuzi tuioshe kwanza. Na usijifiche ku njia ya nyuma sawa muntu eko na aibu. Pita mu katikati ya mji, muchana, bantu bote bakuone."

Baba alikubali kwa sababu yote yalikuwa ya busara. Mama akamwosha mbuzi kwa sabuni ya mwisho iliyobaki nyumbani, akamfunga kitambaa cheupe shingoni, eti kamba isimkwaruze. Niliona ni wazimu. Sabuni yenyewe tulikuwa tunaigawa kwa uzi.

Basi tukapita katikati ya mji, mtu mwenye koti, mbuzi anayenukia vizuri na mimi. Baba alikuwa anafanya mazoezi ya maneno ya kurudisha, chini kwa chini: "Kamba yenu njo hii. Mutoto yenu na mutoto yangu, kila mumoja na njia yake." Akifika "njia yake" mbuzi alisimama. Alisimama mara nyingi. Mimi nilimsukuma polepole sana.

Kwenye njia panda vijana wa chama walikuwa wameweka gogo na wanazuia watu.

"Tata, unapelekea bilulu mbuzi?"

"Ni ya benyewe," baba alijibu. "Minabarudishia. Sitaki bukwe nabo."

Wakampigia makofi. Mmoja akamwambia yeye ndiye Mkatanga wa kweli, akamgonga begani kama wanavyogongana wao kwa wao. Baba akavuta kamba, tukapita. Tulipofika mbali alisema, "Ule kijana, baba yake mi nilimufundisha kazi. Hata salamu hajue." Alikasirika hadi tulipoyaona mabati ya gare.

Nilitegemea kilio. Sisemi hakikuwapo. Upande wa pili wa reli palikuwa na makaburi mapya, mengi mafupi, na surua ilikuwa bado inatembea mle. Lakini jambo nililolikuta nalikumbuka mpaka leo kwa furaha isiyo na adabu. Watu wale walikuwa wamejenga mji. Walipofukuzwa waling'oa milango ya nyumba zao na kuibeba, na sasa milango ilikuwa imesimamishwa kila mahali na mashuka juu yake, mingine bado ina vitasa, na watu walibisha hodi kabla ya kuingia chini ya shuka. Kinyozi alikuwa na foleni. Wanawake walipika kwenye mbabula zao za makaa na kuchekana. Kwaya ilikuwa inagombana ni nani anayeharibu sauti ya pili. Na mchumba wa dada, suruali yake ikiwa fupi zaidi sasa, alikuwa anafundisha hesabu kwa kundi la watoto, akiandika kwa chaki ubavuni mwa behewa bovu. Alipotuona chaki ilimdondoka.

Aliyeanza ni bibi wa kijana huyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyeletwa Katanga akiwa bibi harusi enzi za Wabelgiji. Alimwona baba na koti, akamwona mbuzi aliyeoshwa na kitambaa cheupe, na akapiga kigelegele kilichofanya foleni ya kinyozi igeuke.

"Moyo," alisema, ndiyo salamu yao. "Mukwe amekuya. Mukwe ametuletea mbuzi ya njia."

Hapo sikuelewa, na baba hakuelewa. Nilikuja kuelezwa baadaye. Katika ukoo wao, msichana akiolewa kwenda mbali, baba yake huja kwa miguu yake mwenyewe, mchana, amevaa vizuri, analeta mbuzi aliyeoshwa. Wanamla pamoja, basi safari imefunguliwa na bibi harusi amekabidhiwa. Ni jambo la hiari. Halidaiwi, na kuliomba ni aibu. Ndiyo maana kwa wiki zile zote walikuwa wamelingoja bila kusema.

Vigelegele vikapokelewa kutoka mlango hadi mlango. Wanawake wakatuzunguka. Bibi alikuwa tayari ameshika kamba.

"Mama, ngoja kwanza niseme," baba alianza.

"Mukwe hasemake eko na njaa," bibi alimjibu. "Ukae."

Na kiti kikaja. Familia ile ilikuwa imebeba sofa, kiti kimoja kikubwa cha mahameli chenye mikono ya mbao, mbali sana kutoka nyumbani kwao, na mahali pake palikuwa jukwaani pa gare, pale abiria wanapopandia. Wakamkalisha baba humo. Akazama. Alipofaulu kujiinua kidogo, mbuzi alikuwa ameshapelekwa nyuma ya mabehewa na wanaume watatu wenye visu, na kamba ilikuwa imegeuka mchezo wa watoto. Nilimtazama baba. Alikuwa anaitazama kamba. Maneno ya kurudisha yanaanza na kamba, na bila kamba hayana pa kuanzia. Nilificha uso kwenye kanga, na si kwa sababu ya kulia.

Rafiki yake, yule fundi wa umeme, alikuja wakati nyama iko motoni. Alikuwa amekonda, amefunga suruali kwa waya wa kazi yake. Hawakuwa wameonana tangu fujo zilipoanza. Aliushika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili, akasema mbele ya watu:

"Tangu batufukuze, benzetu ba ku kazi banapitaka ng'ambo ile ya barabara. Banaangalia chini. Sibakasirikie, kuko woga. Lakini we umevaa koti, umepita mu katikati ya mji, muchana, na mbuzi mu mukono. Sina kitu ya kukulipa. Niko na aksanti tu."

Watu wakaitikia. Wakaleta ini. Ini hupewa mgeni mkubwa, ale yeye kwanza, na akishakula jambo limekubaliwa na hakuna anayelirudia. Lilikuwa juu ya sahani ya bati, dogo, bado linatoa moshi. Baba alilichukua kwa vidole akalishika. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama pembeni ameshikilia mlango mmoja. Nilikuwa chini karibu na mguu wa sofa, ndiyo maana niliyasikia maneno ambayo wengine hawakuyasikia.

"Rafiki," baba alisema polepole, "mi nilikuya na maneno ingine mu kinywa."

Yule mtu hakumwachia mkono wake mwingine. Aliinama karibu naye.

"Najua," alisema. "Nilikuona toka mbali, najua sura yako. Kula tu."

Baba alikula. Alitafuna muda mrefu, na machozi yakamtoka hadharani, mzee wa kikundi cha maombi kwenye kiti cha mahameli. Alipomeza alijifuta kwa mkono wa koti, akatazama watu wote waliokuwa wakimngoja.

"Inakosa chumvi," alisema.

Wakalipuka kwa kicheko, vigelegele vikaanza upya, na wanaume wakaanza kubishana ni nani aliyesahau chumvi. Mimi nilisimama nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Furaha ile sijawahi kuipata tena kwa ukubwa ule, hata siku ya harusi yangu mwenyewe, na mume wangu analijua hilo.

Nilitumwa nyumbani mbio kumleta dada. Mama alikuwa mlangoni. Kabla sijapata pumzi aliniuliza:

"Banakula?"

"Banakula."

"Ini?"

"Papa njo alikula ya kwanza."

Mama alikaa chini kwenye kizingiti, akacheka mpaka akashika mbavu. Alikulia kambini, nyumba ya katikati, Kasai kushoto na Kasai kulia. Desturi zao alizijua kuliko vijana wao. Nilimkazia macho, nikaanza kukumbuka sabuni, kitambaa cheupe, mchana kweupe na katikati ya mji. Nilimuuliza siku ile, nimemuuliza mara nyingi tangu siku ile, na jibu lake halijawahi kubadilika.

"Mi nilisema avae koti tu."

Dada alikuwa nyuma yake amesimama, mikono imetulia kando, hajui acheke au alie. Kisha akaingia ndani akatoa gauni. Alikuwa amelishona tayari kutokana na pazia la sebuleni, lile lile baba alilofutia midomo. Hatukuwa tumegundua kwamba dirisha liko wazi. Katika nyumba yetu siku hizo vitu vingi vilikuwa vinapungua.

Padri aliyekuwa anakuja kusomea misa watu wa gare aliwafungisha ndoa jukwaani, mbele ya behewa lenye hesabu za kugawanya. Kwaya ilimaliza ugomvi wake au iliuahirisha. Baba alimkabidhi dada kwa mkono wake, na baadaye bibi akamvuta acheze mutuashi, ngoma yao ya kiuno. Baba alikuwa na kiuno cha karani. Bibi alimrekebisha kwa fimbo mbele ya watu wote, kushoto, kulia, na fundi wa umeme akacheka mpaka waya wa suruali ukakatika.

Treni ilikuja katikati ya wiki, mabehewa wazi ya kubebea mizigo. Wakapakia milango, wakapakia sofa, wakampakia bibi juu ya sofa. Dada alipanda na cherehani mapajani. Baba alisimama chini, hawakuwa wamezoea kukumbatiana, na wote wawili walizungumza juu ya mafuta ya cherehani kana kwamba ndilo jambo la maana. Injini ilipovuta, baba alimwambia aende, treni haingojake bantu ba maneno mingi. Nililia hadi pua ikaziba. Mwalimu wa hesabu alitupungia mkono mpaka treni ikapotea.

Jumapili iliyofuata baba alivaa koti akatwambia twende kwenye maombi. Sikuamini. Nilimwambia mama sitaenda, mama akaniambia nishike benchi. Katika bohari ile hapakuwa na viti, kila familia ilibeba vyake. Tukaingia, tukaweka benchi letu, na baba hakuwa amevaa utepe.

Habari ilikuwa imeshafika. Mhubiri alimwita mbele kabla ya wimbo wa pili. Vijana wa njia panda walikuwa mlangoni, na gari la mkubwa lilikuwa nje. Mhubiri alisema, kwa sauti ya upole ambayo iliniogopesha kuliko kelele zake, kwamba ndugu yetu amedanganywa na adui, lakini Mungu anasamehe. Neno moja tu lilihitajika. Aseme mbele ya watu wote kwamba kule Kasai hana mtoto.

Nyumba yetu ilikuwa ya kampuni, na kazi ya baba ilikuwa chini ya watu waliokaa benchi la mbele. Vijana wale walijua tunakoishi. Mama alinishika kidole kimoja akakibana. Baba alisimama mbele na mgongo wake mwembamba, na kwa muda nilidhani atasema.

"Mutumishi wa Mungu," alisema, "mutoto niko naye. Eko Kasai na bwana yake. Ni mimi njo nilimutoa, na mukono yangu hii, na nilikula. Mi nangojea bajukuu."

Akageuka, akaja mpaka kwetu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, tubebe kiti yetu."

Mama alishika upande wa mbele, mimi nikashika wa nyuma. Mlangoni vijana walitutazama, kisha wakatazamana wao, na benchi lilikuwa refu, ikabidi wasogee. Nje jua lilikuwa kali. Hatukuwa tumefika hata barabarani baba alipoanza kumuuliza mama mtoto wa kwanza apewe jina la upande gani, na wakabishana hivyo, kwa sauti kubwa, mpaka nyumbani.